Kalemie hadi Goma na Daftari la Matetemeko

Tangu nirudi, kila anayeingia kwenye biro yetu ya mizigo pale stesheni anaegemea meza yangu na kuuliza swali lile lile: "Mama José, kule kwenye moto kulikuwa namna gani?" Nimejibu mpaka orodha za mabehewa zimenilalia. Sasa naandika mara moja tu, msome mkiwa mnakula, halafu mniache nifanye kazi. Habari za tiketi, vyeti na mihuri nimeziruka, kwa sababu kila mtu ana za kwake na hazina utamu.

Kwa wasiojua nyumbani kwetu, nianze na Papa. Papa yangu alikuwa mtu wa bandari. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusoma kila asubuhi ule ubao wenye namba uliosimikwa majini, na kuandika kama ziwa limepanda au limeshuka. Alipoingia pensheni mkono wake ulikataa kupumzika, akahamia kwenye matetemeko. Ardhi yetu, mnaijua, hutikisika kidogo mara kwa mara, vikombe vinalia kabatini, basi. Papa akaanza kuandika kila tetemeko, na pembeni akachora mwezi ulivyokuwa siku hiyo. Na kwa kuwa ni mtu wa serikali mpaka kwenye mifupa, hakuandika chochote bila mashahidi wawili, wasiotoka nyumba moja, na wasionuka pombe. Mashahidi hakuwakosa. Nyumba yetu iko karibu na wanapoegesha mitumbwi wavuvi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na wanaume wale hupita kwake karibu kila siku kunywa chai.

Baada ya muda daftari likaanza kusema jambo moja. Karibu matetemeko yote yalikuja mwezi ukiwa umejaa. Papa akafikia uamuzi: mwezi unavuta ardhi kama unavyovuta maji ya bahari, na kama unaitikisa Kalemie, je, Goma, ambako kuna milima miwili ya moto nyuma ya mji? Mdogo wangu Furaha ameolewa huko Goma. Kwa hiyo kila mwezi Papa alimpigia simu kumwambia siku, na kila mwezi Furaha alifunga chumba chake cha kushonea, akachukua watoto wawili, akavuka mpaka wa Rwanda kwenda kulala siku tatu Gisenyi kwa rafiki yake. Wateja walianza kumhama. Mume wake, seremala tunayemwita Papa Gloire kwa jina la mtoto wa kwanza, alivumilia.

Mara hii Papa aliniita, mimi yaya, yaani dada mkubwa wa nyumba, akaniwekea daftari mapajani.

"Yaya, uende umulete. Yeye na batoto. Bahamie hapa moja kwa moja. Ufike mbele mwezi haiyajaa."

Papa Gloire naye alikuwa amekwisha kusema kwenye simu, bila kupandisha sauti, kwamba mke wake akishuka Kalemie na vitu vyake vyote, yeye hatamfuata. Mnaona nilikotumwa. Nilikuwa nakwenda ama kuokoa watoto ama kuvunja nyumba ya mdogo wangu, na sikujua ni lipi kati ya hayo. Mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha, na nilikuwa na siku chini ya kumi na mbili.

Kalemie: boti ambayo haikuchelewa

Boti ilikuwa iondoke Jumanne asubuhi. Jumatano jioni nilikuwa bado nimekaa juu ya begi langu bandarini, nikitazama wabebaji wakipakia unga na madumu ya mawese. Mimi ni mtu wa reli. Gari letu la Kabalo likichelewa, sikatai, huchelewa, lakini kwenye fomu kuna safu ya kuandika sababu, na lazima mtu aandike. Nikamwendea kapiteni, mtu mnene mwenye kofia ya sufu katika joto lile.

"Kapiteni, sababu ni nini?"

"Sababu ya nini, mama?"

"Ya kuchelewa."

Alinitazama kwa huruma. "Mama, boti haiyachelewa. Haiyaondoka tu."

Tuliondoka Alhamisi. Nilikuwa nimepata nafasi juu ya magunia ya unga, karibu na nyuma, ambako injini inanguruma lakini upepo hauleti moshi. Naomba niseme ukweli: mara tu Kalemie ilipokuwa ndogo nyuma yetu hasira yote iliniisha. Ziwa lilikuwa laini, milima ya ng'ambo ilikuwa ya bluu, mtu mmoja akagawa samaki wetu wa mikeke wa kuchoma kwa wote waliokaa karibu naye, na mimi nikatoa ugali wangu wa baridi. Nilikula nikiwa na furaha ambayo sikuitegemea, mtu niliyetumwa na ujumbe mbaya vile.

Mbele ya Kabimba injini ilizima. Tukaelea nusu siku. Kapiteni aliifungua, akaipuliza, akaitukana, akaifunga tena ikawaka, na hakuna aliyeeleza lolote. Jioni hiyo taa za wavuvi wa ndagala zilijaa ziwani pande zote. Siku chache baadaye, tulipokaribia Baraka, nilihesabu taa tatu tu, nikawacheka watu wa Baraka kwamba hawajui kuvua.

Baraka: uji ambao sikuuomba

Baraka tulikuwa tulale usiku mmoja. Tulilala siku tatu. Sababu, kwa kuwa nazipenda sababu, niliipata siku ya pili: kapiteni ana mke wa pili Baraka. Ningekuwa na fomu ningeandika hivyo hivyo, kwa mkono mzuri.

Nilikaa kwa Mama Asha, mjane anayepikia wasafiri. Wali wake na maharage ya mawese nitaukumbuka mpaka siku yangu ya mwisho. Lakini kila jioni, wenzangu, nilikuwa natoka uani, natazama mwezi, nahesabu kwa vidole siku zilizobaki, nashusha pumzi. Siku ya pili Mama Asha alininyang'anya ndoo ya maji mkononi. Asubuhi ya tatu aliniletea uji wa ulezi badala ya chai, na binti zake wakawa wananiachia kiti chenye kivuli. Nilidhani ni adabu za Baraka. Nikala, nikakaa, nikasifu.

Siku ya kuondoka aliniegemea sikioni. "Dada, usiwe na woga. Hata miaka yetu hii inaingiaka. Na bwana anajua?"

Ndipo nikaelewa. Mwanamke mzima, anatazama mwezi, anahesabu vidole, anashusha pumzi: wangefikiri nini kingine kama si mimba? Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga. Mama Asha hakuamini kicheko changu hata kidogo. Alinifungia ulezi kwenye karatasi, akaniambia nikifika nimtumie habari kama ni wa kiume.

Uvira na mlima wa Ngomo: naitwa nabii

Boti ilinishusha Uvira, na kutoka hapo nilipata nafasi kwenye gari dogo la kwenda Bukavu. Uwanda wa Ruzizi ulipita vizuri, miwa, mpunga, ng'ombe wakivuka barabara kwa starehe zao. Karibu yangu alikaa Mama Neema, mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa akipeleka magunia yake Goma, mwanamke wa maneno mafupi na macho makali. Tulipoanza kupanda mlima wa Ngomo, lori mbele yetu lilikwama kwenye tope, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde ambalo sikulitazama mara mbili. Tulishuka, tukakaa juu ya mawe tangu saa nne mpaka jua lilipoinama.

Ni hapo nilipofanya kosa. Nilitoa daftari la Papa kwenye mfuko wake wa plastiki, nikaanza kulipitia. Mama Neema akasoma begani kwangu.

"Hii ni nini? Ni mambo ya kanisa?"

Ningeweza kusema ni mambo ya nyumbani. Lakini nilikuwa nimechoka kukaa, na kidogo nilijivunia. Nikamweleza yote: mwezi, matetemeko, mashahidi wawili. Nikamwonyesha kurasa. Nikamtajia na siku ya mwezi kujaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia aliye karibu naye, naye akamwambia dereva, na lori lilipovutwa kutoka kwenye tope gari zima lilikuwa likiniita Mama nabii. Kijana mmoja aliniuliza kama daftari linasema lolote juu ya mitihani ya serikali.

Nilicheka nao. Lakini tuliposhuka Bukavu Mama Neema alishusha magunia yake yote, akayapanga kando.

"Miye sivuke kwenda Goma mpaka mwezi ikapunguka," alisema. "Niko na batoto ine."

Mchele ule ulikuwa unangojwa sokoni Goma. Nilimwomba namba yake ya simu, sijui kwa nini, pengine kwa aibu. Nililala Bukavu nikigeukageuka kitandani. Kama Papa alikuwa sahihi, nilikuwa nimemwokoa mtu. Kama hakuwa sahihi, nilikuwa nimeanza kufanya Ngomo kile Papa alichokuwa akifanya kwa simu.

Bukavu hadi Goma: nagombana na samaki

Boti ya ziwa Kivu iliondoka saa iliyoandikwa. Nasema tena ili mtu wa reli asome vizuri: saa iliyoandikwa. Nilikosa hata la kulalamikia, nikahisi kama nimepotelewa na kitu.

Ziwa lile lina baridi na visiwa vingi, na mimi nilikuwa na kitenge kimoja tu mabegani. Mama mmoja alipita na beseni la sambaza wa kukaanga. Nikachukua kiganja, nikaonja, nikasema kwa sauti kwamba hawa ni ndagala ambao hawakumaliza shule. Loo! Alisimama pale pale, akaweka beseni chini.

"Mama wa wapi weye?"

"Kalemie."

"Aa. Basi sikiliza. Bazee betu banasema sambaza ilitoka mu ziwa yenu, bazungu njo baliileta huku. Ni ndagala yenu ile ile. Njo uko natukana samaki yako mwenyewe."

Watu wote walinicheka, na nilistahili. Nikanunua wa kumpelekea Furaha, na kwa aibu nikala nusu yao kabla ya kufika.

Milima ya moto niliiona alasiri. Mmoja ulikuwa umevaa wingu, na chini ya wingu kulikuwa na moshi uliosimama wima. Mji wote umelala miguuni pake, mabati mpaka ziwani. Sikuwahi kuuona. Hasira zangu na utani wangu vyote vilinyamaza, na kitu pekee nilichokuwa nacho kichwani ni watoto wa mdogo wangu. Mwezi ulikuwa ujae kesho yake.

Goma: begi mlangoni

Kwa Furaha kila kitu kimejengwa kwa jiwe jeusi la ule moto uliopoa: ukuta, ngazi, hata kiti cha nje. Watoto wanachezea juu yake kama sisi tulivyochezea mchanga. Mdogo wangu alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Amekonda. Nyuma yake, mlangoni, begi lilikuwa limefungwa tayari, na kamba za viatu vya watoto zimefungwa juu ya mkono wa begi.

Papa Gloire alitoka kwenye karakana yake na vumbi la mbao kwenye nyusi, akanipokea mzigo, akaniita yaya, akauliza habari za Papa kwa heshima zote. Tulikula viazi, sombe ya majani ya muhogo, na kipande kikubwa cha formaji, ile jibini ya Masisi, ambayo nitaisema wazi kwamba ni nzuri kuliko jina lake. Baada ya kula nikatoa daftari. Hakulikataa. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa, vidole vyake vikipima mistari kama anavyopima ubao.

"Yaya, Papa ni muntu wa kazi. Naona," alisema. "Lakini miye nilioa bibi, sikuoa kalendari. Kila mwezi nalala na nyumba tupu. Sasa munataka ikuwe tupu ya siku zote."

Furaha akaweka sahani chini. "Na kama Papa anasema kweli? Nikibaki, batoto bakufe, utanitazama na macho gani?"

Mtoto wao mdogo alikuwa amelala mapajani mwangu, mdomo wazi. Nikasema, maana ilikuwa lazima yaya aseme: "Kesho asubuhi tuulize mtu anayejua. Akisema Papa yuko sahihi, mnaondoka na mimi. Akisema hayuko sahihi, mimi ndiye nitakayemwambia Papa."

Papa Gloire aliinua kichwa. Alikuwa ametengeneza rafu za vitabu katika ofisi inayopeleleza volkano, na fundi mmoja wa mashine za pale, Papa Bahati, alikuwa rafiki yake.

Ofisi ya volkano: mashahidi wetu

Papa Bahati ni mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kazi yake ni kutazama mistari inayochorwa na mashine zilizozikwa mlimani, usiku na mchana. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kugusa daftari la Papa, akasoma kwa muda mrefu sana, mpaka Furaha akaanza kutikisa mguu.

"Mama, papa yako aliandika muzuri. Kuko bantu ba masomo mengi benye habaandikake hivi."

"Basi ni kweli?" niliuliza. Nilikuwa nimemtazama Papa Gloire.

"Ngoja. Mwezi inavuta ardhi, ile ni kweli. Hapa tulipokaa, hii simenti, inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, karibu shibiri moja. Hatusikie, sababu tunapanda nayo sisi bote." Akainua daftari. "Lakini kitu moja inanisumbua. Mwezi ikijaa, jua na mwezi binavuta pamoja, nguvu inakuwa kubwa. Na siku mwezi haionekane kabisa, siku za giza, vilevile binavuta pamoja. Nguvu ni ile ile. Sasa mbona siku za giza Papa hana kitu? Ona. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe."

Akauliza mashahidi walikuwa nani. Nikajibu kwa fahari kwamba ni watu wa kuaminika, wavuvi wa ndagala, majirani zetu.

Papa Bahati akavua miwani. Akaanza kucheka polepole, bila ubaya, kama mtu aliyeona funguo alizokuwa akizitafuta.

"Mama, papa yangu alikuwa anavuaka sambaza kule Idjwi. Na taa. Mwezi ikijaa, taa haivute samaki. Wiki ile njo alikuwa analalaka ku nyumba. Siku za giza, usiku yote iko ku maji. Muntu mwenye iko mu mutumbwi, ardhi ikitetemeka kidogo, atasikia nini?"

Mimi! Niliyezaliwa pale, niliyekula ndagala kabla ya kuota meno, ninayejua kama mtoto yeyote wa Kalemie kwamba mwezi ukijaa ndagala wabichi hawapatikani na akina baba wako nyumbani. Taa tatu za Baraka zilikuwa zimenipita machoni na nilicheka tu. Tetemeko dogo linasikika usiku, na mtu aliyelala kimya nchi kavu. Mashahidi wa Papa walikuwa nchi kavu wiki moja kwa mwezi. Na nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekiwekea Papa kinyongo: usiku mmoja wa giza sahani zangu zote zililia, nikamkimbilia asubuhi kumwambia, akakataa kuandika kwa sababu shahidi nilikuwa mmoja. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamelisikia. Hakuna aliyekwenda kuwauliza.

"Kwa hiyo mwezi na volkano havina uhusiano?" Papa Gloire aliuliza haraka, na nilisikia tumaini kwenye sauti yake.

"Sisemi vile. Usiniwekee neno mu kinywa, rafiki." Papa Bahati aliinua kidole. "Sufuria ya maharage ikiwa imeshachemka, imejaa mvuke, ukigusa kifuniko na kidole moja kinaruka. Ikiwa maji ni baridi, hata ukalie kifuniko. Mwezi ni ile kidole. Mulima ikiwa imeshajaa, kuko wakati matetemeko madogo madogo yanafuata ile mwendo ya kuvutwa, kidogo sana, mpaka ufanye hesabu ya mengi njo uone. Lakini kidole haipike maharage. Siwezi kukuambia mulima itatulia kesho. Siwezi kukuambia itaamuka mwezi ikijaa. Mwenye kukuambia siku, usimuamini, hata akiwa miye."

Kisha akamgeukia Furaha. Nilitegemea amtulize. Alimuuliza jambo dogo.

"Mama Gloire, begi yenu iko wapi leo?"

"Mlangoni. Imefungwa."

"Na ile siku mwezi ni giza?"

Furaha aliacha kutikisa mguu. "Mu kabati," alisema. "Tupu. Siku zile nalalaka muzuri."

Papa Gloire alimtazama mkewe, na sikuona ushindi wowote usoni mwake, niliona woga. Miezi yote hiyo mdogo wangu alikuwa ameogopa siku tatu na kuziamini siku nyingine zote bila sababu. Kama mlima ungeamka usiku wa giza angekuwa amelala fofofo, na viatu vya watoto havijulikani viliko. Na hatari hiyo ilikuja na daftari la baba yangu mzazi, aliyeliandika kwa upendo.

Papa Bahati hakutupa siku, alitupa mazoea. Begi likae limefungwa mwaka mzima. Watoto wajue njia ya kukimbilia kwa miguu yao wenyewe. Bendera ya rangi ya tahadhari, ile inayotundikwa mjini kuonyesha hali ya mlima, itazamwe kila mtu anapokwenda sokoni, na redio iwe na betri. Furaha aliandika yote nyuma ya karatasi ya vipimo vya gauni la mteja.

Usiku ule hakuvuka mpaka. Tulikula mapema, watoto wakafurahi kwamba baba yupo, mwezi ukatoka mkubwa juu ya mlima, mzuri kupita kiasi. Hakukutokea kitu. Najua usiku mmoja mtulivu si ushahidi wa jambo lolote, na ndiyo maana sitauficha ukweli huu: mimi nililala na viatu. Asubuhi Papa Gloire alipigilia msumari mkubwa karibu na mlango, akalitundika begi pale, na Furaha akafungua chumba chake cha kushonea siku ambayo wateja walijua kimefungwa. Saa tatu alikuwa na wawili.

Nilimpigia Mama Neema. Nilimweleza kosa langu bila kujipamba. Alinitukana kidogo, kwa haki, akasema anapakia mchele.

Kurudi, na Papa

Njia ya kurudi niliifurahia kama mtu aliyetuliwa mzigo, ingawa Baraka tulilala tena siku tatu na Mama Asha alinikagua tumbo kwa macho, hakuridhika. Jambo moja tu lilinisumbua: nitamwambiaje Papa?

Nilimkuta nje, anakunywa chai na wavuvi wawili. Nilingoja waondoke. Kisha nikakaa chini, nikamwambia kila kitu kama Papa Bahati alivyosema, mpaka begi la kabatini. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kilichokwisha.

"Uyo muntu alisoma yote?"

"Yote, Papa."

"Akasema nini juu ya maandishi?"

"Akasema uliandika muzuri. Kuliko watu wa masomo."

Akatikisa kichwa. Akatazama mitumbwi. "Basi," alisema mwishowe, "miaka yote ile niliandika siku wavuvi wanalalaka kwa bibi zao." Akaanza kucheka, nami nikacheka naye, mpaka nikaona kwamba macho yake yanatoa machozi ambayo si ya kicheko peke yake.

"Na zile za giza?"

"Wanawake walikuwa nyumbani, Papa. Hukuwauliza."

"Nitawauliza." Akafuta uso kwa kiganja. "Na Furaha? Hakukuya?"

"Hakukuya. Yuko na nyumba yake. Wako muzuri."

Alikubali kwa kichwa, mara mbili tatu. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Sasa nitamupigia simu juu ya nini?"

Nilimpenda sana baba yangu dakika ile, na nilijilaumu kwamba miezi yote hiyo tuliona mwezi tu, hatukumwona yeye. Nikachukua simu yake, nikatafuta namba, nikaibonyeza, nikamwekea mkononi. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kawaida, mwezi hauko popote angani. Niliisikia sauti ya Furaha ikiruka kwa hofu kutoka ng'ambo: "Papa! Ni nini? Mwezi?"

Papa aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mwezi, uache kule kule," alisema. "Weye, mutoto yangu, uko namna gani?"